Nane ni nne mbili

Najua nimepotea, na wengine mmetuma ujumbe mkiuliza kwa upole kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, wiki nane huko juu milimani Uluguru, upande wa Mgeta, ambako mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe fulani nyuma ya nyumba ya walimu, na upepo uwe na huruma siku hiyo. Sasa nimerudi Moro mjini, bumu bado halijatoka, na kichwani nina kitu kimoja tu. Namba nane.

Tulieni, nitaeleza. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye semina, kabla hata sijapanda mlimani.

Tulikuwa tunajadili maneno ya mkopo. Mada nyepesi, ile ambayo kila mtu ana mifano yake mfukoni: meza ya Wareno, shule ya Wajerumani, kitabu cha Waarabu. Tukafika kwenye namba. Mtoa mada akaandika ubaoni sita, saba na tisa, akasema zote zimetoka Kiarabu. Hapo hana kosa. Kiarabu kinasema sitta, sab'a, tis'a. Ishirini nayo imetoka huko, thelathini mpaka tisini zimetoka huko, mia na elfu pia. Basi jamaa mmoja wa nyuma, wale wa kukaa karibu na mlango, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo tukubaliane tu," akasema, "babu zetu walikuwa wanahesabu mpaka tano. Vidole vya mkono mmoja vikiisha wanasema nyingi, basi. Kuhesabu tumefundishwa na wageni."

Darasa likacheka. Mimi lilinikaa vibaya. Si kwa sababu ya babu yangu tu (ingawa babu yangu alikuwa na ng'ombe, na anayefikiri mfugaji hajui kuhesabu zaidi ya tano ajaribu kumwibia mmoja). Lilinikaa vibaya kwa sababu sisi ni watu wa ualimu. Huyo jamaa mwakani au mwaka keshokutwa atasimama mbele ya watoto hamsini, na hilo ndilo atakalowaambia, tena kwa sauti ya uhakika, na wao wataandika kwenye madaftari.

Lekchara hakubishana naye. Alifuta ubao, akaandika neno moja la Kilatini, octo, akasema wiki ijayo kila mmoja aje na maelezo: neno hili lina uhusiano gani na nane yetu? Akachukua chaki zake akaondoka. Unajua tena walimu wa isimu.

Jibu la haraka ni kwamba hazina uhusiano wowote wa damu. Octo ni nane kwa Kilatini, basi. Lakini nilikaa kwenye kimbweta siku tatu na hilo neno, na nilichokikuta ni kizuri kuliko udugu.

Octo mnalijua hata kama hamjui kwamba mnalijua. Limo ndani ya Oktoba. Utauliza, mbona Oktoba ni mwezi wa kumi? Kwa sababu mwaka wa zamani wa Warumi ulianzia Machi, kwa hiyo Septemba ilikuwa ya saba (septem), Oktoba ya nane, Novemba ya tisa (novem), Desemba ya kumi (decem). Baadaye mwaka ukaanza kuhesabiwa kuanzia Januari, miezi ikasogea, majina yakabaki pale pale. Na msiwacheke Warumi tafadhali. Sisi tuna Jumatano, siku ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi, halafu kesho yake tuna Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano kwa kuwa wao wanaanza Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili zinafuatana na hakuna aliyewahi kukosa lekcha kwa sababu hiyo. Watu wanakosa lekcha kwa sababu nyingine.

Turudi kwa octo. Ndugu zake wako wengi: Kigiriki okto, Kisanskriti ashtau, Kijerumani acht, na hata eight ya Waingereza ambayo wameichakaza kweli kweli. Zote zimetoka kwa lugha moja mama iliyosemwa maelfu ya miaka iliyopita. Sasa utamu uko kwenye mkia wa neno. Sisi tuna umoja na wingi. Kigiriki cha kale na Kisanskriti vilikuwa na umoja, uwili, na wingi, yaani vitu viwili vilikuwa na umbo lake peke yake. Kilatini kiliupoteza uwili huo, kikabakiza mabaki machache tu: duo, ambayo ni mbili, na ambo, ambayo ni "wote wawili". Sasa viweke kwenye mstari mmoja uviangalie: duo, ambo, octo. Umeona? Octo imevaa sare ya vitu viwili, na wala haimaanishi viwili.

Viwili vipi basi? Hapa ndipo anapoingia mtaalamu wa lugha za Uajemi wa kale, W. B. Henning, mwaka 1948. Kwenye Kiavesta, lugha ya maandiko ya kale ya Wazoroasta, kuna neno ashti, maana yake upana wa vidole vinne. Henning akaliunganisha na octo. Maana yake octo ingekuwa "vidole vinne, mara mbili". Mkono huu vinne, mkono ule vinne, madole gumba yamekunjwa kiganjani. Ushahidi wenyewe ni mkia wa neno na jamaa yake mmoja wa mbali, kwa hiyo si kama wa kesi ya mauaji, na wapo wasioukubali. Lakini ndiyo hoja yenye nguvu iliyopo, na ina mwendelezo wake: tisa ya Kilatini, novem, inafanana na novus, yaani mpya, na kwa Kisanskriti nava ni tisa na nava hiyo hiyo ni mpya. Wapo wanaosoma hivyo: nne ya kwanza, nne ya pili, halafu unaanza hesabu mpya.

Sasa, wadau, chukua hiyo picha ya mikono miwili uje nayo nyumbani.

Nane ya Kiswahili haikutoka Kiarabu. Nane ya Kiarabu ni thamaniya, na kama tungeichukua leo tungekuwa na kitu kama themania. Hatukuichukua. (Tumechukua watoto wake: themanini tunayo, na thumni, ambayo ni "moja ya nane", wazee wetu waliitumia kuiita sarafu ya senti hamsini.) Nane yenyewe ni Kibantu halisi na imekaa pale katikati ya saba na tisa kama mwenyeji aliyezungukwa na wapangaji. Na imetengenezwaje? Nne na nne. Ukitaka kuliona wazi nenda kwa Wakikuyu: nne ni inya, nane ni inyanya. Huhitaji digrii kuliona hilo. Wanyarwanda wana kane kwa nne na umunani kwa nane. Waganda wana nnya na munaana. Wataalamu wanaojenga upya Mame-Bantu, lugha mama ya lugha zetu zote hizi, wanakubaliana kwamba nane ni nne iliyorudiwa.

Yaani mtu wa kando ya mto huko Afrika ya kati, na mtu wa nyikani huko juu ya Uajemi, hawajawahi kuonana wala kusikiana, wote wawili wamefika kwenye nane wakakunja madole gumba. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Wote wana mikono.

Na si nane peke yake. Sita ya Wakikuyu ni ithathatu, na tatu yao ni ithatu. Tatu na tatu. Wasukuma wanasema itandatu, na kwenye itandatu masikio yako yanaisikia tatu bila shida. Mmarekani mmoja, Claudia Zaslavsky, kwenye kitabu chake Africa Counts cha 1973, ameeleza jinsi Washambaa, majirani zetu wa Tanga, walivyokuwa wakionyesha namba kwa vidole: sita ni vidole vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, saba ni vinne na vitatu, nane ni vinne na vinne. Mnaona mpango? Hawakuhesabu mkono mmoja kisha wakaanza mwingine. Walikuwa wanagawa namba kwenye mikono miwili iwe na usawa. Hiyo ni hesabu ya kichwa kabisa. Jaribu kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba anaishia tano.

Wazulu nao wana njia yao: nane kwao ni isishiyagalombili, na ndani yake kuna kuacha na kuna mbili, yaani acha vidole viwili. Kumi ukitoa mbili. Walatini walikuwa na tabia hiyo hiyo kwenye kumi na nane, waliyoiita duodeviginti, "mbili kutoka ishirini". Na sisi tukitazama saa tunasema saa kumi kasorobo. Ni mchezo ule ule.

Sasa za kwetu zilizopotea ziko wapi? Hapa ndipo nilipofurahi zaidi, maana hazijapotea. Zimejificha.

Tisa ya zamani ni kenda. Kamusi ya Kiswahili bado inayo, na wazee wa pwani bado wanakwambia kenda karibu na kumi. Wakikuyu, Wakamba na Wasukuma wanaitumia mpaka leo hii. Na kuna watu wazima wanaoibeba kwenye jina lao: Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao Wadigo wao wengine tunao Tanga. Miji kenda, miji tisa. Ukimwita mtu Mmijikenda umehesabu mpaka tisa kwa Kibantu bila kujua.

Saba je? Wasukuma wanasema mpungati. Wagiriama wanasema fungahe. Sasa hebu taja mwenyewe neno la Kiswahili linalofanana na hayo. Taja polepole. Walioolewa watakuwa wameshacheka. FUNGATE! Zile siku saba za maharusi baada ya ndoa, wakiwa ndani, wanaletewa chakula, hawasumbuliwi. Fungate ni saba ya zamani. Tumeitoa kwenye hesabu tukaipeleka chumbani, na naona haijalalamika. Siku hizi mtu anakwenda Zanzibar siku tatu anasema yuko fungate. Jamani, hiyo si fungate, hiyo ni tatu.

Kwa hiyo niliporudi kwenye semina nikasema haya yote, kwa urefu, mpaka nikaonyeshwa saa. Yule jamaa hakukasirika. Aliuliza swali zuri kweli, na nampa haki yake hapa: "Sawa. Walikuwa nazo. Kwa nini sasa wakaziacha? Mtu haachi nyumba yake kwenda kupanga."

Rumeti wangu ana nadharia kwamba maneno marefu yalichosha watu, mtandatu na mfungate ni silabi nne nne, na nane ilibaki kwa kuwa ni fupi. Nikamuuliza na kenda je, ni ndefu? Akageukia ukutani akalala.

Mimi nasema ni soko. Namba si kama neno la kupenda au la kulia, ambalo unaweza kulisema peke yako chumbani. Namba inasemwa na watu wawili, na kati yao pana mali. Pwani yetu imefanya biashara na Waarabu kwa mamia ya miaka. Deni linaandikwa kwa hati ya Kiarabu, tarehe za mwezi zinahesabiwa Kiarabu, mtoto chuoni anasoma Kiarabu. Katika hali hiyo anayesema sitta na anayesema tandatu watakubaliana haraka kwa sababu tandatu italeta hasara. Anayeshika daftari ndiye neno lake linabaki. Haihusiani kabisa na nani ana akili.

Na kama kuna anayeona kwamba kukopa namba ni dalili ya ujinga, nina habari zake kutoka Ulaya. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, damu kabisa, jina lenyewe limetoka Roma. Mia kwa Kilatini ni centum. Wafaransa wanayo, cent. Wataliano wanayo, cento. Wahispania wanayo, ciento. Waromania wakisema mia wanasema suta, na neno hilo kwa maelezo ya wengi wamelichukua kwa majirani zao Waslavi. Mtoto wa Kilatini ameiacha mia ya mama yake! Wafini nao mia yao ni sata, mkopo wa kale sana kutoka kwa watu wa upande wa Uajemi. Sijawahi kusikia mtu akisema Wafini walikuwa hawajui kufika mia mpaka walipofundishwa. Hilo huwa linasemwa juu yetu tu.

Halafu hiyo centum iko mfukoni mwako. Ndiyo senti. Imetoka kwa Walatini, ikapita Ufaransa, ikapita kwa Waingereza, ikafika kwetu. Dazeni ya madaftari uliyonunua mwanzo wa muhula ni duodecim, kumi na mbili ya Kilatini, imepita njia hiyo hiyo. Walatini wenyewe waliitamka centum kwa k, kentum, na Mtaliano akailainisha ikawa chento. Ukiona hilo ni geni basi hujawahi kupanda Uluguru: sisi huku chini tunasema Kiluguru, wao wanasema Chiluguru. Ulimi ukiwa unaelekea kwenye i au e, k inalainika. Ni ulimi ule ule, Roma na Mgeta.

Haya, Mgeta. Nilisema nitaeleza.

Wiki ya tatu ya mazoezi nilishuka guliani kununua mboga. Kule karoti na kabichi ni kama mchanga, zinapakiwa kwenye magunia zinaletwa mjini mpaka Dar. Kelele tupu. Nikamwamkia mama mmoja, "Shikamoo mama, karoti fungu bei gani?" Akasema "Marahaba mwalimu," halafu bei ikamezwa na honi ya lori. Akainua mikono miwili. Vidole vinne huku, vinne huku, gumba ndani. Mia nane.

Nilisimama pale nikiangalia mikono ile kama nimeona jini. Mama akadhani nimeona bei kubwa, akanipunguzia mpaka mia sita. Tatu na tatu? Hapana, sita alionyesha mkono mzima na kidole kimoja. Basi nikalipa.

Jumatatu yake nilikuwa na kidato cha pili, mada ni njia za kuongeza msamiati, na kukopa ni mojawapo. Nikaamua kuanzia nyumbani. Nikauliza nani anahesabu kwa Chiluguru mpaka kumi. Kimya, na kile kicheko cha aibu ambacho walimu wote mnakijua, maana huku shuleni lugha ya nyumbani ni kitu cha kuchekwa. Mwishowe binti mmoja wa mbele akasimama. Akaanza vizuri, moja mpaka tano kwa Chiluguru, kwa sauti, darasa limetulia. Halafu akaendelea: sita, saba, nane, tisa, kumi. Kwa Kiswahili, bila kukwama, kama hakuna mpaka pale katikati.

Darasa likaangua kicheko. "Umechanganya!" Yeye akashangaa kweli. Akasema hajachanganya, ndivyo wanavyohesabu nyumbani. Labda bibi yake anajua zile nyingine, akasema, lakini hajawahi kumuuliza.

Wadau, nilikuwa nimetoka chuoni na hotuba yangu yote tayari. Mtandatu, kenda, fungate, Waromania, Wafini, kila kitu. Na ghafla ikageuka mikononi. Maana kile ambacho Kiarabu kilifanya kwa Kiswahili pwani, Kiswahili kinafanya sasa hivi kwa Chiluguru mlimani. Safari hii mshika daftari ni sisi. Ni mimi, na chaki, na ratiba, na hesabu zinazofundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na bei za gulio zinazopangwa na mwenye lori kutoka mjini. Yule binti akifika sita anahama, sawasawa na mtu wa Lamu au Kilwa alivyohama zamani, na kwa sababu ile ile. Hata saba anayokopa kwetu ni saba tuliyokopa sisi. Imepanda mlima ikiwa na mizigo ya watu wawili.

Nikawaambia darasa waache kucheka, kwanza. Pili nikawaambia kwamba na wao wakihesabu kwa Kiswahili wanafanya hivyo hivyo, wanaanza kwa Kibantu, wanafika tano, wanaingia Uarabuni kwa sita na saba, wanarudi nyumbani mara moja kwa nane, wanatoka tena kwa tisa, wanamalizia nyumbani kwa kumi. Tukahesabu pamoja, nikisimama upande mmoja wa ubao kwa za nyumbani na kuruka upande wa pili kwa za mkopo. Mwalimu mkuu alipita dirishani wakati naruka kwenda tisa. Hakusema kitu.

Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja akamuulize bibi au babu anavyohesabu kutoka sita mpaka kumi, na amwangalie mikono wakati anahesabu. Walioleta majibu walikuwa kumi na mmoja. Waliobaki walisema wazee wao wamewajibu kwa Kiswahili, au wamecheka wakauliza mwalimu wenu anataka nini na mambo hayo. Karatasi zile kumi na moja ninazo hapa, na hazikubaliani, zingine zina maneno ya Chiluguru na zingine zinaonekana ni za Wakaguru walioolewa huko. Sitaziandika hapa mpaka nizirudishe kwa wenyewe nisikie kwa sikio. Lakini kwenye zile zilizotaja mikono, watoto saba kati ya tisa wameandika kwamba bibi alipofika nane alikunja madole gumba. Mmoja amechora. Amechora vizuri mno, hata kucha amezichora.

Na kwa wale wa hapa hapa Moro: tunashinda tukipanda daladala za Nanenane, tunakwenda viwanja vya Nanenane kila mwezi Agosti kuona ng'ombe wa maonyesho na kula nyama choma, kanda yote ya mashariki inahamia kwetu. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, ile ile ya kuzaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, baadaye wakulima wakapewa Agosti 8. Mimi nasema walipendelewa. Saba Saba ni Kiarabu mara mbili. Nane Nane ni nne, nne, nne na nne, zote za kwetu, na konda anaiita kwa sauti asubuhi mpaka usiku bila kujua kwamba anapiga meza ya kuzidisha.

Sasa ombi. Nimeamua hii ndiyo itakuwa tasnifu yangu ndogo ya mwaka wa tatu, na msimamizi amesema sawa, ila anataka angalau lugha kumi na tano za Tanzania. Chumba chetu pekee kina Mhaya, Mmakonde na Mgogo, kwa hiyo nimeanza na tatu (rumeti ameshanipa, akigeukia ukutani). Kila anayesoma hapa apige simu nyumbani, amuulize mzee aliye mkubwa kuliko wote, aniandikie sita mpaka kumi kama anavyozisema yeye, na kama hazijui aniandikie hivyo hivyo kwamba hazijui, maana na hilo ni jibu. Msinitumie za kwenye kamusi. Na mwulizeni mikono. Nazihitaji kabla ya Alhamisi, yaani ile tano ya pili.